Safu ya Mwalimu: Usiniandikie "kubwa", niandikie milimita

Barua za mwezi huu zimejaa homa ya mtihani. Novemba inakaribia, na kuanzia Mikindani mpaka Liwale watoto wamegundua ghafla kwamba kwenye baiolojia kuna hesabu. Wengine wamegundua kwamba kuna karatasi inaitwa ufunguo wa utambuzi, ile yenye hatua za "a" na "b" zinazokupeleka mpaka kwenye jina la kiumbe, na kwamba kumjua mdudu kwa jina hakukupi alama kama hujui kuonyesha njia uliyopita. Mimi nimestaafu, lakini kalamu nyekundu bado iko mezani hapa Shangani, kwa hiyo mtanivumilia nikiwa mkali. Barua nimezifupisha, majina nimewaachia wenyewe.

Swali: Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha tatu, Mikindani. Tuliangalia utando wa kitunguu kwenye hadubini, lenzi ya juu ×10 na ya chini ×10, kwa hiyo ukuzaji ni ×100. Nikachora seli moja vizuri kabisa, urefu wake sentimita 6, chini nikaandika ×100. Mwalimu kanikosesha, anasema huo siyo ukuzaji wa mchoro. Sasa ni upi, na hadubini ni ileile?

Jibu: Marahaba mwanangu. Hujakosea kuzidisha, ila umejibu swali ambalo hukuulizwa. Kumi mara kumi ni mia, sawa, lakini hiyo ni sifa ya hadubini. Inaeleza kile ambacho jicho lako lilikiona ulipochungulia. Mchoro hukuuchora ndani ya lenzi. Umeuchora kwenye daftari, kwa penseli, kwa ukubwa ulioupenda mwenyewe. Tuseme jirani yako amechungulia hadubini hiyohiyo, akachora seli hiyohiyo kwa sentimita 12, naye akaandika ×100. Mchoro mmoja ni mara mbili ya mwingine na wote mnadai ukuzaji mmoja. Mwalimu awape nyote alama kwa lipi?

Ukuzaji wa mchoro ni urefu wa mchoro gawanya kwa urefu halisi wa kitu chenyewe. Urefu wa mchoro unaupata kwa rula. Kazi iko kwenye urefu halisi, maana seli huwezi kuishika ukaiwekea rula.

Seli unaipima kwa lile duara la mwanga unaloliona ukichungulia. Anza na lenzi ya chini iliyo fupi kuliko zote, ya ×4. Toa slaidi, weka mahali pake rula ya plastiki inayopitisha mwanga, uhesabu ni milimita ngapi zinakatiza katikati ya duara kutoka ukingo mmoja mpaka wa pili. Mistari ya rula itaonekana minene mpaka ushangae, na hapo ndipo watu wanapoharibu: wanapima nafasi nyeupe iliyo kati ya mistari. Pima kutoka ukingo wa kushoto wa mstari mmoja hadi ukingo wa kushoto wa mstari unaofuata. Hiyo ndiyo milimita moja kamili. Kwenye hadubini nyingi za shule zenye lenzi ya juu ya ×10 utapata kama milimita 4.5 kwa duara zima.

Hapo uko kwenye ×40. Ukigeuza lenzi ukaenda ×100, umekuza mara 2.5 zaidi, na duara nalo linasinyaa mara 2.5, yaani 4.5 gawanya kwa 2.5, unapata milimita 1.8. Ukienda ×400, duara lote lina milimita 0.45 tu. Wengi hudhani duara linapanuka kwa kuwa vitu vinaonekana vikubwa. La hasha. Kadiri unavyokuza ndivyo unavyoona eneo dogo zaidi la sampuli, na ndiyo maana ukiruka moja kwa moja kwenda ×400 unahangaika kutafuta seli ambayo sekunde iliyopita ulikuwa nayo.

Sasa rudisha kitunguu chako, kwa ×100. Hesabu seli zilizopangana kichwa kwa mguu kukatiza duara. Tuseme ni 6. Milimita 1.8 gawanya kwa 6 ni milimita 0.3 kwa kila seli. Usipime seli moja peke yake ukajiamini, seli za kitunguu hazilingani, na wastani wa sita una heshima kuliko moja uliyoipenda kwa sura. Mchoro wako ni sentimita 6, yaani milimita 60. Gawanya 60 kwa 0.3 unapata 200. Andika ×200. Jirani yako aandike ×400. Nyote mmechungulia kwenye ×100 na nyote sasa mko sahihi.

Kuna shimo moja hapa ambalo kila mwaka linameza watoto: vipimo viwili tofauti ndani ya hesabu moja. Swali la mtihani litakwambia seli ina urefu wa maikromita 300, na mchoro una sentimita 6. Mtoto anagawa 6 kwa 300, anapata 0.02, anaipigia mstari, anaendelea na swali la pili kwa amani. Milimita moja ni maikromita 1,000. Sentimita 6 ni milimita 60, nazo ni maikromita 60,000. Gawanya kwa 300, ni 200 ileile. Na kabla hujapiga mstari, litazame jibu: 0.02 inasema mchoro wako ni mdogo mara hamsini kuliko seli. Seli ya kitunguu! Jibu la namna hiyo linapaswa kukushtua hata kabla mwalimu hajaliona.

Mambo madogo matatu nimalizie. Ukuzaji hauna kipimo, usiandike "×200 mm", maana milimita zimekatana na milimita. Kwenye mchoro, chora mstari mwembamba uonyeshe umepima kutoka wapi hadi wapi, anayesahihisha asibahatishe. Na rula zenu zile zilizotafunwa mwanzoni, sifuri imeshaliwa, anzieni kwenye 1 halafu mtoe 1 kwenye jibu.

Kwa wanaotumia hadubini ya kioo pale dirishani: mwanga wa mawingu au wa ukuta mweupe unatosha. Jua lenyewe la Mtwara msilielekezee kioo, litapanda moja kwa moja mpaka kwenye mboni ya jicho.

Swali: Mwalimu shikamoo. Tuko kikundi cha watu wanne, Nachingwea. Karatasi ya mazoezi ina picha ya punje ya chavua. Pembeni imeandikwa ×800, na chini kuna kistari kimeandikwa maikromita 20. Wawili wetu tumetumia ×800, wawili wametumia kistari, majibu yamepishana. Nani kashinda?

Jibu: Marahaba wanangu. Wenye kistari.

Mmenitumia vipimo vyenu, basi tuvitumie. Chavua kwenye karatasi ina upana wa milimita 22. Waliotumia ×800 wamegawa 22 kwa 800, wakapata milimita 0.0275, yaani maikromita 27.5. Waliotumia kistari wamepima kistari wakakuta milimita 11. Milimita 11 zinasimama badala ya maikromita 20, na chavua ni mara mbili ya kistari, kwa hiyo ni maikromita 40. Sasa jiulizeni: kama picha kweli ingekuwa ×800, kistari cha maikromita 20 kingekuwa na urefu gani? 20 mara 800 ni maikromita 16,000, yaani milimita 16. Nyinyi mmekikuta kina 11. Mtu ameipunguza picha.

Na ninajua aliyeipunguza ni nani: mashine ya steshenari. Karatasi ya A3 ikiingizwa kwenye A4, kila kitu kinashuka hadi asilimia 71 hivi, na 16 ikishuka hivyo inakuwa 11 na kidogo. Ile namba ×800 ni maandishi tu, mashine haijui kuihesabu upya, inaiacha ilivyo. Kistari kinasinyaa pamoja na picha, kwa hiyo hakisemi uongo. Picha yenu ya sasa ni maikromita 11,000 gawanya kwa 20, yaani ×550.

Simu ndiyo mbaya zaidi. Mtoto anafungua karatasi kwenye kioo cha simu, anaivuta kwa vidole viwili, halafu anaweka rula juu ya kioo na kutumia ×800 iliyoandikwa. Kila akivuta, chavua ile inapata ukubwa mpya. Kama kuna kistari, kipime kistari na picha kwa wakati mmoja bila kugusa tena. Kama hakuna kistari na swali limekupa namba tu, tumia namba uliyopewa, mtihani hautaki ugomvi. Lakini walimu mnaotunga maswali, wekeni kistari.

Swali: Mwalimu, habari za siku. Mimi ni mwalimu, mwaka wangu wa kwanza kazini, wilaya ya Newala. Vitabu vyetu vina ufunguo wa wanyama ambao watoto wangu hawajawahi kuwaona, na sampuli za kwenye chupa hatuna. Niliwaambia watunge ufunguo wao wa mimea mitano ya nyumbani. Karibu wote wameanza "1a. Mmea mkubwa, 1b. Mmea mdogo." Nawasahihishaje bila kuwavunja moyo?

Jibu: Nzuri, mwalimu mwenzangu, na karibu kwenye kazi. Hizo sampuli za kwenye chupa usizililie. Nimeona kambale wa maabara waliokaa kwenye dawa mpaka mapezi yamekuwa uji, na mwanafunzi anaulizwa ahesabu miiba. Jani bichi kutoka nyuma ya darasa ni bora mara mia.

Hao watoto waulize swali moja: mkubwa kuliko nini? Mkorosho wa miezi mitatu ni mfupi kuliko muhogo wa mwaka. Ufunguo unasomwa na mtu aliyeshika jani moja mkononi, hana la pili la kulinganisha. "Kubwa" haimsaidii. Ukisema "urefu unazidi sentimita 10" angalau ana cha kupima, ingawa bado jani changa litamponza.

Rangi nayo ni mtego. Majani machanga ya mkorosho yanatoka mekundu ya shaba, na ya mwembe vilevile. Mtoto akiandika "1a. Majani ya kijani, 1b. Majani mekundu", mti mmoja unaingia pande zote mbili kwa wakati mmoja. Harufu na utamu usiviruhusu kabisa. Siku moja kuna atakayeonja mnyaa.

Kinachodumu ni umbo na hesabu ya sehemu. Nimekutungia huu, kwa majani yaliyokomaa ya mkorosho, mwembe, mbaazi, mpapai na muhogo:

1a. Jani ni bapa moja lisilogawanyika – nenda 2
1b. Jani limegawanyika – nenda 3
2a. Ncha ya jani ni ya mviringo au imebonyea kidogo – mkorosho
2b. Ncha ya jani imechongoka – mwembe
3a. Limegawanyika kuwa majani madogo matatu yaliyoachana – mbaazi
3b. Limegawanyika kuwa vidole vinavyokutana kwenye kikonyo kimoja – nenda 4
4a. Kingo za vidole zimekatikakatika, kikonyo kina uwazi ndani – mpapai
4b. Kingo za vidole ni nyoofu, kikonyo hakina uwazi – muhogo

Waonyeshe kila jozi inavyozungumzia jambo lilelile pande zote. Kosa utakalokutana nalo sana ni "4a. Kikonyo kina uwazi, 4b. Maua ni meupe." Hizo ni habari mbili zisizokutana, na msomaji mwenye kikonyo chenye uwazi na maua meupe amekwama njia panda. Halafu kuna hesabu nyepesi ya kusahihishia haraka: mimea mitano inahitaji jozi nne, mimea sita jozi tano, pungufu moja siku zote, ilimradi kila mmea umetokea mara moja tu. Ukikuta mtoto ana mimea mitano na jozi sita, kuna mahali amezunguka.

Namba ya 2 unaweza kuifanya ya vipimo ukitaka kuwakaza wanafunzi wazuri. Wapime urefu na upana wa jani, wagawe. Jani la mwembe kwa kawaida urefu wake ni upana mara tatu au zaidi, la mkorosho huwa karibu na mara mbili au chini ya hapo. Uzuri wa uwiano huu ni kwamba haujali ukuzaji. Chora jani kwa ×0.5, liingize kwenye mashine ya steshenari, livute kwenye simu, urefu na upana vinabadilika pamoja na jibu la kugawa linabaki palepale. Nadhani hapa ndipo mada zako mbili za silabasi zinapokutana, na sijaona kitabu cha shule kinachozikutanisha.

Kuna jambo moja la kuwaonya. Mkorosho na mwembe ni ndugu kweli, wako familia moja. Mtoto akiwaona wamekaa jirani kwenye namba ya 2 atasema basi na mpapai na muhogo ni ndugu. Siyo. Hao wamekutana namba ya 4 kwa sababu tu majani yao yana vidole, kwa ukoo wako mbali. Ufunguo unatafuta jina, hautafuti baba.

Ukisahihisha, dai njia nzima. Mtoto wa Newala anaujua muhogo tangu anatambaa, ataandika "muhogo" na kufunga daftari. Mwambie aandike 1b, 3b, 4b, muhogo. Kisha jaribio la mwisho, la bure kabisa: mpe ufunguo wa kidato cha tatu mtoto wa kidato cha kwanza ambaye hakuwepo mlipoutunga, mpe na jani, kaa kimya. Atakapokwama ndipo penye kosa, na lawama ni ya aliyeutunga.

Kama wataka kuwapa historia kidogo, Mfaransa Jean-Baptiste Lamarck alitumia utaratibu huu wa jozi kwenye kitabu chake cha mimea ya Ufaransa mwaka 1778. Si jambo la jana.

Swali: Shikamoo. Mimi niko Lindi mjini, kidato cha pili. Nimechora jani la mkorosho lenye sentimita 14, mchoro ni sentimita 7. Jibu ni 0.5. Rafiki yangu anasema ukuzaji hauwezi kuwa chini ya moja. Nimekosea?

Jibu: Marahaba. Hujakosea. Andika ×0.5. Neno "ukuzaji" lisikutishe, hesabu inafanya kazi pande zote mbili, na chini ya moja maana yake mchoro ni mdogo kuliko kitu.

Wewe wa Lindi una mfano mzuri kuliko jani. Tendaguru, huko kwenu bara kidogo, Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913, na wapagazi wa huku waliibeba kwa miguu mpaka bandari ya Lindi, mwendo wa siku nne hivi. Mifupa ya yule mrefu imesimamishwa kwenye jumba la makumbusho la Berlin tangu 1937, kimo chake mita 13.27. Mchore kwenye daftari kwa kimo cha milimita 133. Mita 13.27 ni milimita 13,270. Jibu ni 0.01. Mwambie rafiki yako amchore kwa ukuzaji wa moja kamili, tuone karatasi ataipata duka gani.

Na kwa kuwa tuko hapo: mnyama huyo mwaka 1914 aliwekwa kundi moja na Brachiosaurus, dinosaria wa Marekani aliyepewa jina mwaka 1903. Baadaye wataalamu walilinganisha mfupa kwa mfupa, wakaona tofauti ni nyingi mno kuwa jenasi moja, na leo anaitwa Giraffatitan. Mifupa haikubadilika hata punje.

Swali: Mwalimu, mimi ni mama wa watoto watatu, Masasi. Kwenye pipa langu la maji kuna mabuu ya mbu. Mwanangu ana ufunguo wa mbu kwenye daftari lake, eti anaweza kujua kama ni wa malaria. Nimwamini?

Jibu: Mwamini kwa nusu, mama, na maji yamwage hata hivyo.

Mwanao atazame buu lililotulia bila kulitikisa. Likilala sambamba na uso wa maji, mgongo juu, halina mrija wa kupumulia, hilo ni Anofelesi, kundi la mbu wa malaria. Likining'inia kichwa chini, limegusa uso wa maji kwa kimrija kilichoko mkiani, ni Kuleksi au Aedesi. Kwenye pipa la nyumbani mara nyingi utakuta hawa wanaoning'inia, na usiseme afadhali, kwa sababu Aedesi ndiye anayeeneza dengue. Akishakuwa mkubwa ni mweusi mwenye madoa meupe miguuni. Anofelesi mkubwa unamjua akitua ukutani: amenyanyua makalio juu, wakati Kuleksi amelala sambamba na ukuta.

Nusu nyingine ni hii. Ndani ya Anofelesi kuna spishi zinazofanana kiasi kwamba hata mtaalamu mwenye hadubini nzuri hawezi kuzitenganisha kwa macho. Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis ni mfano wake: mpaka vipimo vya vinasaba maabara. Hapo daftari la mwanao limefika mwisho, na hadubini ya ×400 au ya ×1,000 haiongezi kitu.

Swali: Salaam Mwalimu. Mimi ni mvuvi, Msanga Mkuu. Binti yangu ananiambia pweza, ngisi na dome ni jamaa wa konokono, nikacheka. Halafu anasema anawatofautisha kwa karatasi. Mimi nawatofautisha usiku wa giza kwa mkono. Swali langu la kweli: nikitoa kitu ambacho hakimo kwenye karatasi yake, inakuwaje?

Jibu: Salama kaka. Binti yako hajakosea, wote hao ni moluska pamoja na konokono, kome na chaza. Gamba la konokono liko nje. La dome liko ndani: ni lile jeupe, jepesi, kama chokaa, mnaloliokota ufukweni. La ngisi limebaki ukanda mwembamba unaopitisha mwanga. Pweza hana. Na hiyo kazi yako ya gizani ni ufunguo uleule, ila umeuandika mkononi. Ukishika, unahesabu: mikono minane tu, ni pweza. Minane na miwili mirefu ya ziada, unabonyeza mgongo: mgumu kama ubao ni dome, unalegea ni ngisi. Mwambie binti akutazame ukifanya, halafu aandike hatua zako.

Swali la pili ndilo zito. Ufunguo unawajua waliowekwa na mtungaji, basi. Ukiupa kitu kigeni haukwambii "sikijui", unakupeleka kwa jina la uongo, maana kila hatua ina a na b tu na lazima utoke kwa mmojawapo. Mwaka 1938 huko Afrika Kusini meli ya uvuvi ilitoa samaki mwenye mapezi yaliyokaa juu ya vishina vya nyama. Bi. Marjorie Courtenay-Latimer wa jumba la makumbusho la East London hakumlazimisha aingie kwenye jina lolote alilolijua. Alimchora, akampelekea mchoro mtaalamu wa samaki, J.L.B. Smith. Alikuwa silikanti, aina ambayo wataalamu waliamini imetoweka pamoja na dinosaria. Mpaka Smith anafika, samaki alikuwa ameshakaushwa na viungo vya ndani vimetupwa. Huku kwetu silikanti alinaswa Songo Mnara, Kilwa, mwaka 2003, kwa hiyo usidhani ni habari za mbali.

Basi ukitoa usichokijua: kama yu hai, mrudishe, na kasa na nguva unajua mwenyewe sheria inavyosema. Akiwa amekufa, usimpasue tumbo wala usimkate mapezi. Mlaze ubavu juu ya ubao, mwekee rula au utepe wa fundi cherehani ubavuni, piga picha ukiwa umesimama juu yake wima. Mtu asimnyanyue akamsogeza mbele ya kamera kama mnavyopenda, maana samaki akiwa karibu na kamera kuliko mshikaji, futi mbili inakuwa nne. Huna rula, weka sarafu, sarafu utaipima baadaye. Piga na mapezi moja moja, mkia, na kichwa upande wa mashavu. Andika ulimtoa mwamba gani, kina cha pima ngapi, mshipi au nyavu, saa ngapi. Kisha mpeleke ofisi ya uvuvi mjini akiwa kwenye barafu, na picha umpe binti yako, ajaribu ukuzaji wake kwa ile sarafu.